Ng'ombe Ndani ya Dossier

Jirani yetu Mama Daphrose, yule anauzishaka maziwa ku mulango wa centre ya afya ya Bihambwe, anasema alisikia yote kwa masikio yake mbili. Anasema Bulaya walipiga simu. Anasema walisema hivi: dossier ya Nadine iko muzuri, masomo iko muzuri, miaka ya kazi iko muzuri, lakini ili wapige cachet, ule muhuri ya mwisho, wanaomba ng'ombe.

"Ng'ombe muzima," anasema, anainua kidole. "Si mbuzi. Kumbe na kule banakulaka rushwa. Mi nilikuwa nawaza kule njo kwenye haki inakaaka."

Kufuatana na Mama Daphrose, Nadine alizimia, Titulaire akamumwangia maji, na sauti ya muzungu ikasikika mu téléphone ikiuliza kama ile ng'ombe iko na mimba, juu kule wanapenda yenye iko na mimba.

Musomaji, mimi nilikuwa mule ndani, nakausha maji na raclette chini ya vitanda. Hakuna muntu alizimia. Maji yenye ilimwangika ilikuwa ya ndoo yangu, niliipiga teke mwenyewe. Lakini ku jambo moja Mama Daphrose hakudanganya. Bulaya walitaja ng'ombe.

Pale njo tuliachana juma iliyopita: Titulaire Marcellin, mukubwa wa centre yetu, amesimama ku mulango wa maternité, téléphone mukononi, miwani ku paji ya uso, na anasema maneno yenye hakuna muntu alitazamia.

"Nadine. Banauliza juu ya ng'ombe."

Nadine alikuwa anavaa gants. Alibakia na kidole kimoja nje.

Kwa ule anaanza kusoma leo: Nadine ni muuguzi, njo anazalishaka wamama wa Bihambwe tangu miaka kumi na moja. Si muntu wa huku. Ni wa Walikale, mu pori, kule ng'ombe wanaionaka ku picha ya kalenda. Hospitali moja ya Bulaya inamutaka, inamuchungia nafasi mupaka mwisho wa mwezi. Ila kule, muuguzi wa inchi ingine hagusi mugonjwa mbele ya kupita examen: maulizo mia mbili ku ordinateur, mara moja tu ku mwaka.

Mara ya kwanza Nadine alijiandikisha, barabara ikafungwa siku ya safari. Mara ya pili alifika, akaketi, akajibu maulizo makumi ine, na ku ya makumi ine na moja réseau ikakatika mu salle muzima. Machine ikamupatia makumi ine ku mia mbili. Yote alijibu ilikuwa sawa, lakini machine haikujali.

Ikabaki njia moja, inaitwa dispense. Muuguzi mwenye miaka kumi ya kazi bila kukatika, na mukubwa wake anamushuhudia ku karatasi, wanamusamehe examen. Nadine aliomba. Nilimuuliza siku ile anaenda kufata nini Bulaya.

"Estelle," aliniambia, "miaka kumi na moja nashika tochi na meno. Nataka siku moja nizalishe muntu chini ya taa yenye inajishikilia yenyewe."

Basi turudie ku mulango.

"Soma, Titulaire," Nadine alisema.

Marcellin alishusha miwani. Ni muntu wa makaratasi. Kama formulaire iko na case makumi sita, vile visanduku vya kujaza, yeye atajaza makumi sita, na akikuta case tupu analala vibaya. Kuku ikipita mu cour, ile kiwanja ya centre, anaandika saa.

"Banasema hivi. Ku ulizo la kumi na saba, mukubwa wa mwombaji aliulizwa kama mwombaji alishapokea zawadi ya mugonjwa ao ya familia ya mugonjwa. Mukubwa alijibu: ndiyo, ng'ombe moja, jike, rangi ya gaju, nyekundu ya udongo, mimba ya miezi tano, tabia muzuri."

Nadine alimugeukia.

"Tabia muzuri, ni mimi ao ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe. Yako iko ku ulizo la kumi na mbili."

"Titulaire. Juu ya nini ulitia ng'ombe mu dossier ya Bulaya?"

Marcellin alishangaa kweli. Ni mutoto wa milima ya Masisi, baba yake alichunga, babu yake alichunga.

"Nadine, diplôme kila muntu iko nayo. Lakini muuguzi mwenye muzee kama Kanamugire anamupatia ng'ombe, huyo anaonekana mara moja mu miaka makumi mbili. Nilijua bakisoma pale, batakusamehe examen na zambi zote. Ningeacha ile case tupu, ningekuwa nimekuibia."

"Na bao banasemaje?"

Marcellin aliendelea kusoma, na sauti yake ikaanza kushuka.

"Banasema: mwenye kufanya examen, sisi tunamupima. Mwenye tunasamehe examen, huyo tunamuamini tu. Kwa hiyo mikono yake lazima iwe mitupu. Zawadi irudishwe kwa mwenyewe, na sisi comité tushuhudie. Batakupigia kwa video kesho-kutwa, saa ine ya asubuhi. Kama ng'ombe haikurudishwa, dispense imekufa. Utapita ku examen ya mwaka ujao kama wengine."

Mwaka ujao. Na hospitali inachunga nafasi mupaka mwisho wa mwezi.

Nadine alimaliza kuvaa gants, kidole kwa kidole. Kisha akapumua, na akacheka kidogo.

"Ni ile tu? Nitarudisha. Leo mangaribi itakuwa imefika kwake."

Mimi niliangalia raclette. Marcellin aliangalia dirisha. Hata mama wa kitanda ya pili, mwenye alikuwa analia uchungu tangu asubuhi, alinyamaza.

"Nini?" Nadine aliuliza. "Nimesema nini?"

Mama wa kitanda ya pili njo alijibu, kwa sauti ndogo, kama muntu anazungumuza na mugonjwa.

"Infirmière, ng'ombe hairudishwake."

Hapa nieleze, juu wako wasomaji wa pori kama Nadine. Kule kwao Walikale, ukizalisha mutoto wa muntu vizuri, wanakuletea kuku, ao kipande ya nyama ya kukausha, mangaribi mumekwisha kula na shukrani imeisha. Mwaka jana Mahoro, mukwe wa muzee Kanamugire, alishikwa na uchungu siku mbili, barabara ya Rubaya haipitike. Nadine hakulala siku zote mbili. Mutoto akatoka muzima, mama muzima. Kanamugire akaita mulima muzima kwake, akaleta ng'ombe mbele ya watu, akamufundisha Nadine maneno ya kusema mara tatu mu lugha yao: Kanamugire yampaye inka. Kusema, Kanamugire alinipa ng'ombe.

Nadine alisema mara tatu, anacheka, kama muntu anasema asante juu ya kuku.

Hakujua kwamba pale alikuwa amezaliwa mu ile nyumba. Kwa watu wa ng'ombe, wewe na mwenye kukupa munakuwa damu. Akifiwa, umefiwa. Na siku unarudisha, unamwambia mbele ya mulima wote: sikujui, maziwa yako ni machungu, tusisalimiane tena mupaka watoto wa watoto. Iko muzee mumoja walimurudishia ng'ombe, zamani, mbele mimi sijazaliwa. Alihama mulima. Watoto wake wakipita soko, watu wanawahurumia mupaka leo.

Marcellin alimweleza yote ile, polepole. Nadine aliketi ku kitanda tupu.

"Sasa nikimurudishia, ni kumwambia nini, hasa?"

"Kwamba ule mutoto haukumuzalisha kwa roho yako. Ulifanya tu kazi."

Mutoto mwenyewe anaitwa Nadine. Kufikia sasa Bihambwe iko na Nadine tisa, lakini ule njo wa kwanza.

"Titulaire," alisema kisha, na nikaona macho yake inaanza kutafuta njia, kama vile inatafutaka mushipa wa mutoto mudogo. "Ile ng'ombe iko wapi sasa?"

"Kwa Kanamugire. Wewe hauna majani."

"Tangu lini iko kwake?"

"Tangu ilizaliwa."

"Haikusogea?"

"Haikusogea."

"Basi imekwisha kurudi. Waandikie."

Marcellin alifikiri kwa haki yote. "Kwa miguu haijaondoka," alisema. "Lakini kwa mudomo iko yako."

"Waandikie ya miguu."

"Nitaandika iko kwake. Bataniuliza ni ya nani. Nitaandika ni yako."

"Hauwezi kuacha case moja tupu, Titulaire? Moja tu, mu maisha yako?"

Alifikiri tena. Unaona kabisa kwamba anajaribu.

"Hapana," alisema.

Pale mama wa kitanda ya pili akapiga yowe, na hakukuwa tena muntu wa kuzungumuza ng'ombe. Baada ya dakika makumi tatu alizaa kijana wa kilo tatu na nusu. Kitu ya kwanza aliuliza: kama ni mwanaume, jina Nadine wanaligeuza namna gani?

Kesho yake tulipanda kwa Kanamugire, mimi na Nadine. Alinichukua mimi juu mimi ni wa huku, nitamubana mukono kama anataka kusema kitu ya hatari.

Mu mufuko alikuwa na karatasi. Alikesha anaipima. Iko na maneno tatu tu: Ng'ombe iko kwangu. Chini, nafasi ya Kanamugire kutia mukono.

"Ni kweli ao si kweli?" aliniuliza mu njia.

"Ni kweli."

"Kuna tusi ndani?"

"Sioni tusi."

"Kanamugire anatia mukono, Titulaire anapiga cachet, Bulaya banasoma, banafurahi. Na ng'ombe iko inakula majani yake, haijui kitu."

Nilikubali ni mupango wa akili. Shida ya ule mupango ilikuwa moja: Mama Daphrose alipanda mbele yetu, na bidon yake ya maziwa, tangu mapema.

Kanamugire tulimukuta amesimama mbele ya kiraro ya ng'ombe, boti ku miguu, kofia, fimbo. Ni muzee murefu, hasemi mingi, na kama anafurahi haumuone ku mudomo, unamuona ku kofia, inaenda nyuma kidogo. Siku ile kofia ilikuwa imeenda nyuma sana.

"Binti yangu," alisema. "Nimesikia."

Nadine alinibana mukono. Njo mimi nilipashwa kumubana.

"Papa umesikia nini?"

"Bulaya banaomba ng'ombe. Usijifiche. Daphrose amenielezea. Uliona haya kuniambia, nimeelewa, ni malezi muzuri. Mahoro, leta mashanza, dada yako amefika."

Mahoro alileta mashanza mu bakuli mbili, ile maziwa ya kulala yenye inasimamisha kijiko. Nadine mudogo alikuwa ku mugongo yake, amelala, mudomo wazi. Mahoro alimuinamisha ili Nadine mukubwa amuone.

"Angalia shangazi yako," alimwambia mutoto. "Anaenda kufanya kazi kule mbali, na iko na ng'ombe nyumbani. Haende kama muntu bila kwao."

Nadine alikunywa mashanza yote kwa mara moja. Kisha akatoa karatasi.

"Papa, banataka tu karatasi ndogo. Mutie mukono hapa."

Kanamugire alisoma. Anajua kusoma, alisomaka kwa wapadri. Alisoma maneno tatu mara mbili, na kofia ikarudi mbele.

"Ni nani aliandika hii?"

"Ni... ku centre."

"Ng'ombe iko kwangu," alisoma kwa nguvu. "Hii ni karatasi ya mwizi. Muntu anatoa ng'ombe mbele ya mulima wote, kisha anasema iko kwangu? Banataka nichekwe mu Bulaya?"

"Papa, ni kusema tu iko hapa inakula..."

"Inakula hapa juu mimi ninakuchungia. Leta bic."

Mahoro alileta bic. Kanamugire alifuta yale maneno tatu, mustari mumoja wa kunyooka, na chini yake akaandika kwa mukono wake mwenyewe, herufi kubwa: NG'OMBE NI YA NADINE NA WATOTO WAKE. Akatia mukono. Akatia na tarehe. Akamupa Mahoro, naye akatia mukono kama shahidi. Akanipa na mimi.

Musomaji, ungefanyaje? Nilitia mukono.

"Sasa," Kanamugire alisema, kofia ikarudi nyuma. "Kesho batapiga saa ngapi?"

"Saa ine," nilisema. Nadine alinikanyanga muguu, lakini nilikuwa nimemaliza.

"Ku jiwe la réseau?"

Ku Bihambwe, video inapitaka pahali pamoja tu, ku jiwe kubwa juu ya majani ya Kanamugire. Kila muntu anajua.

"Ndiyo, Papa."

"Nitakuwa pale. Banaomba ng'ombe, bataona mwenye ng'ombe."

"Papa, sikia," Nadine alisema, na safari hii aliweka bakuli chini, nikajua anataka kusema yote. "Hawaombi ng'ombe. Banataka kwamba mimi..."

Mahoro alikuwa anamwangalia. Mutoto aliamuka, akaona Nadine, akacheka na meno mbili.

"Banataka kwamba wewe nini?" muzee aliuliza.

"Banataka kuniona," Nadine alisema.

"Ni vema. Batakuona na sisi."

Tulishuka. Karibu ya centre Nadine alitoa ile karatasi, akaisoma tena.

"Jana nilikuwa na ng'ombe ya mudomo," alisema. "Leo iko na mashahidi tatu."

Siku ya comité, jua lilitoka vizuri, na saa tatu na nusu tulikuwa ku jiwe. Nadine alivaa blouse nyeupe ya kupiga pasi. Marcellin alifunga téléphone ku fimbo ya mti, akaichomeka mu udongo, akasimama pembeni na dossier yote mu mikono, tayari kwa ulizo lolote. Mama Daphrose alileta maziwa ya kuuzisha, juu aliona watu watakuwa wengi. Na kweli walikuwa wengi. Walikaa mu majani kama ku mupira.

Kanamugire alifika na koti ya harusi. Nyuma yake Mahoro na mutoto. Nyuma yao, bila kamba, Gaju, ng'ombe mwenyewe, tumbo kubwa, pembe ndefu. Walikuwa wamemuosha.

"Papa, musimame pembeni kidogo," Nadine alimuomba. "Mimi nianze."

"Anza, binti yangu. Mimi niko hapa."

Saa ine kamili, téléphone ikalia.

Kwa kioo ya téléphone tukaona meza. Nyuma ya meza, Madame mumoja wa nywele nyeupe, miwani ya kamba, uso wa muntu muzuri. Pembeni yake, bwana mwenye kuandika, kichwa chini. Ya kwake tuliona tu upara.

Walizungumuza Kifaransa. Mimi niliishia mwaka wa sita wa primaire, lakini nimesikia Kifaransa cha Titulaire miaka ine, na ile yenye sikushika Nadine alinielezea kisha.

"Habari za asubuhi, Madame Nadine. Nianze na jambo zuri. Tumesoma miaka yako kumi na moja. Tumesoma ushuhuda wa mkubwa wako, ambao una kurasa kumi na tisa."

Marcellin alinyoosha shingo.

"Kuhusu mtihani, sote tumekubaliana. Hatuna haja ya kukupima. Umesamehewa."

Nadine alishika blouse yake na mikono mbili.

"Limebaki ulizo la kumi na saba tu," Madame alisema, na pale pale, polepole, kichwa cha Gaju kikaingia mu picha, juu ya bega ya Nadine, na pembe mbili zikatoka nje ya kioo kila upande.

Madame alirudi nyuma ku kiti.

"Je, ni huyu?"

"Ni huyu, Madame."

Upara uliandika.

Nadine alisukuma Gaju na kiwiko. Gaju haikusogea. Ila Kanamugire aliona ni saa yake. Mu milima yetu, mugeni akishaona ng'ombe, mwenyewe anapashwa kusalimia. Alitoa kofia. Aliingia mu picha.

"Titulaire, nitafsirie," alisema. Kisha akaongea na téléphone, kwa heshima, bila haraka. "Mama, nakusalimia wewe na watoto wako. Nilisikia munapenda ng'ombe. Hii ya Nadine musiiguse, iko na mwenyewe. Yenu ninyi ni ile kule, nyeusi, yenye doa ku paji ya uso. Nimewapatia. Mwenye atakuja kuichukua, aje na boti, iko matope."

Marcellin alitafsiri. Alitafsiri yote. Alitafsiri na boti.

Ku Bulaya kimya ilikuwa ndefu mupaka tukawaza réseau imekufa. Kisha Madame alisema, bila kugeuza kichwa:

"Usiandike hilo."

Akafikiri.

"Hapana. Andika. Andika kwamba tumekataa."

"Banasema nini?" Kanamugire aliuliza.

Marcellin alifungua mudomo. Nadine alikuwa mbio kumushinda.

"Banasema asante sana, Papa. Banasema kwao hakuna majani. Iko theluji tu."

Kanamugire alirudisha kofia ku kichwa, na sijaona muzee anahurumia watu namna ile.

"Maskini," alisema. "Theluji. Na banalea watoto."

Mu majani watu waligunaguna kwa huruma. Mama Daphrose aliacha kuuzisha. Nadine alipumua, na mimi nikapumua, na kwa kweli nilianza kuona njia: Bulaya hawajui lugha yetu, Kanamugire hajui yao, na katikati iko Nadine. Anaweza kumaliza yote vizuri, kila muntu arudi kwake na furaha.

Pale bwana mwenye kuandika aliinua kichwa.

Alikuwa muntu wetu. Uso wa huku kabisa, mweusi kama sisi. Alivua miwani, akaifuta, na akasema mu Kiswahili cha kwetu, kwa sauti ya muntu anazungumuza ku mulango wa jirani:

"Mama Nadine, mimi nilikulia Kashuga, mu milima ile ile. Sikusikia Madame akitaja theluji."

"Eh," Kanamugire alisema, anainama karibu ya kioo. "Mutoto wa Kashuga. Ni wa nani wewe?"

"Tutaonana, muzee," bwana alisema, na nikaona sura yake imeumia. Kisha kwa Nadine, polepole: "Ninajua ni kitu gani inakuja kuombwa hapa. Najua kabisa. Lakini mimi ninaandikaka yenye inasemwa."

Madame hakushika kitu mu yale. Aliangalia Kanamugire, Gaju, majani, watu, na akauliza kwa upole:

"Madame Nadine, hilo shamba ni la nani?"

"Ni la... ni la Bwana huyu."

"Ina maana ng'ombe yuko kwake tayari?"

"Ndiyo, Madame."

"Kwa hiyo hakuna wa kumsafirisha popote. Ni neno tu." Alifurahi, kama muntu amepata ufunguo mu mufuko wake mwenyewe. "Basi tumalize. Mwambie sasa hivi, mbele yetu, kwa lugha yake, kwamba unamrudishia ng'ombe wake. Naye akujibu kwamba amempokea. Mwenzangu atasikia, ataandika, na mimi natia sahihi dispense yako hapa hapa. Sentensi mbili, Madame Nadine. Tunakusikiliza."

Alichukua kalamu. Tuliiona. Tuliona na karatasi, na cachet iko pembeni yake.

Nadine alisimama. Mbele yake, kioo, na nyuma ya Madame, juu ku plafond, taa tatu ndefu nyeupe zinawaka saa ine ya asubuhi, hakuna muntu anazishika. Nyuma yake, pumuzi ya Gaju ku shingo. Pembeni, Mahoro alikuwa anafungua kitambaa cha mugongo ili mutoto aone vizuri shangazi yake anavyozungumuza na Bulaya.

Kanamugire alingojea tafsiri. Haikukuja. Aligeukia Marcellin.

"Titulaire, amesema nini yule mama?"

Marcellin, mwenye hajaacha case tupu tangu alizaliwa, alifungua dossier, akaangalia ndani, akaifunga. Aliangalia boti zake.

Ku kioo kalamu ilikuwa inangojea. Mutoto wa Kashuga alikuwa ameinamisha kichwa tena, tukabaki na upara wake.

Muzee alisogea. Alitia mukono wake ku bega ya Nadine, ule mukono mukubwa wa kukamua, na kofia ilikuwa imeenda nyuma mupaka inataka kuanguka.

"Basi nitafsirie wewe, binti yangu," alisema. "Usione haya. Hata kama banataka ng'ombe mbili."